Pampu ya hitingi inapiga kelele? Soma hii kabla hujatoa pauni mia kununua nyingine

Mama yangu alikuja kutoka Tanga mwezi wa kumi na moja, siku tatu za kwanza hajasema kitu, siku ya nne tunakunywa chai asubuhi akaniuliza, "Mwanangu, hawa jirani zako wana mashine ya kusaga?" Nikamwambia hapana mama, hiyo ni pampu ya hitingi, ile inayosukuma maji ya moto kwenye redieta, yale mabati ya ukutani yanayopasha nyumba joto, ipo kwenye kabati hapo nje ya chumba chako. Akaniangalia. "Na nyie mnalala na hiyo kitu?" Ukweli tulikuwa tumeshaizoea, kama mtu anayekaa karibu na reli anavyozoea treni, lakini mama aliposema ndo nikaanza kuisikia upya, na mi nafanya zamu za usiku nalala mchana, basi kuanzia siku hiyo usingizi ukawa hauji.

Tuko Leicester, nyumba ya zamani ya matofali mekundu, boila iko jikoni, tangi la maji moto liko juu kwenye kabati na pampu iko chini ya tangi, imebanwa kati ya mabomba mawili kiasi kwamba ukitaka kuiona vizuri inabidi upige magoti. Mi siyo fundi wa kusomea. Ila nimeshanunua pampu mbili kwa hela yangu ndani ya mwaka mmoja, na ya kwanza nilinunua kama mtu anayenunua dawa bila kujua anaumwa nini, sasa nimeona niandike wengine msipite njia hiyo.

Kwanza tuelewane nani anahitaji kununua. Kama umepanga, usinunue kitu. Kwa England sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985, kifungu cha 11, kwa mikataba ya kawaida ya kupanga inamtwika mwenye nyumba jukumu la kutengeneza mitambo ya joto na maji moto, kwa hiyo kazi yako ni kurekodi hiyo kelele kwenye simu, umtumie, uweke tarehe, umsumbue kwa adabu mpaka alete fundi. Na kama una boila ya kombi, ile inayotoa maji moto hapo hapo bila tangi, pampu imo ndani ya boila yenyewe. Hiyo kaa nayo mbali. Kufungua kifuniko cha boila ya gesi ni kazi ya mtu aliyesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi (ndo ilichukua nafasi ya CORGI mwaka 2009), afu hata pampu zake siyo za kuokota tu dukani, kila boila ina ya kwake. Haya ninayoandika ni kwa yule mwenye nyumba yake, ambaye pampu ipo nje ya boila, unaiona kwa macho, ina waya wake na nati mbili kubwa, moja kila upande.

Sasa kabla hujatoa kadi, chukua bisibisi ndefu. Hii alinifundisha binamu yangu ambaye ni fundi wa magari, wao wanasikiliza injini hivo hivo. Weka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu, kile kichwa cha kushikia kiweke kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ziba sikio la pili kwa kidole. Utashangaa. Kelele yote ya mabomba inapungua unabaki na sauti ya pampu yenyewe, na ukihamisha ncha ukaiweka kwenye bomba futi moja pembeni, afu kwenye redieta, utajua kelele inazaliwa wapi na wapi inapita tu. Mara ya kwanza sikufanya hivi. Nilinunua kwa kubahatisha tu.

Ukisikia maji yanasukutua, kama mtoto anapuliza mrija ndani ya soda, hiyo ni hewa. Pampu haina kosa. Zima hitingi, acha ipoe, zungukia redieta zote na kile kiufunguo kidogo cha shaba, anza za chini malizia za juu, fungua mpaka hewa iishe na maji yaanze kutoka, ufunge. Pampu za zamani zina skurubu kubwa ya kung'aa katikati ya uso, hiyo nayo unailegeza nusu mzunguko hewa inatoka na maji kidogo, weka taulo chini kwa sababu hayo maji ni machafu na yanachafua kapeti moja kwa moja. Kama mfumo wako ni ule wa kufungwa, wenye geji, angalia sindano ikiwa baridi isome kati ya baa 1 na 1.5, ikiwa chini pampu inakosa maji ya kutosha inaanza kutoa sauti kama inatafuna kokoto. Na kama hewa inarudi kila wiki, basi kuna mahali inaingia, au kwa nyumba zenye tangi dogo darini labda hilo tangi limekauka kwa sababu boya lake limekwama. Panda ukaangalie. Watu wananunua pampu ya mia na kitu kumbe ni boya la darini tu.

Sauti ya pili ni mvumo. Ule wa mmm unaopita kwenye ukuta, unausikia zaidi ukilaza kichwa kwenye mto kuliko ukisimama. Hapa angalia swichi ya spidi kwenye pampu, zile za zamani zina I, II na III, na nyumba nyingi nilizoingia mimi zimewekwa III kwa sababu fundi aliyefunga alitaka redieta zipate moto haraka mteja afurahi alipwe aondoke. Ishushe mpaka II uone. Redieta zikiendelea kupata joto zote mpaka ya mwisho, umemaliza, umetumia sifuri. Angalia pia kama bomba limegusa mbao ya sakafu au klipu imechomoka, kipande cha sponji la kuvalisha bomba kinatosha.

Ya tatu ni mkwaruzo, chuma kinasaga chuma, au kugonga kwa haraka haraka kunakopanda na kushuka. Hii ndo ya pampu kweli. Ndani ya hizi pampu ekseli inazunguka kwenye beringi ambazo hazipakwi grisi wala oili, zinalainishwa na maji hayo hayo ya redieta, kwa hiyo maji yakiwa machafu yanazisaga, na pampu ikifungwa vibaya, ekseli ikatazama juu au chini badala ya kulala sambamba na sakafu, hewa inakaa juu beringi inazunguka kavu. Yangu ya zamani ilifungwa imeinama hivo, miaka sijui mingapi.

Afu kuna kelele zinazosingiziwa pampu. Boila inayonguruma kama birika linalotaka kuchemka, hiyo ni chokaa ya maji imeganda ndani ya boila, wanaokaa London na kusini mashariki wanaijua sana kwa sababu maji yao ni magumu. Mabomba yanayolia tik tik hitingi ikiwaka ni kutanuka kwa joto tu. Na ule mluzi unaoanza jioni redieta nyingi zikishajifunga, zile zenye vichwa vya namba 1 mpaka 5, maana yake pampu inasukuma maji yale yale kwenye njia chache, hapo unahitaji valvu ya kupitisha maji pembeni au pampu mpya inayojua kupunguza nguvu yenyewe, nitaisema chini.

Haya, kosa langu. Mi yangu ilikuwa mkwaruzo, kwa hiyo kusema kweli pampu ilikuwa imekufa, nikaagiza mpya, nikamwita fundi bomba mmoja, akaja akabadilisha ndani ya saa moja na nusu, kimya kabisa, mama akafurahi, nikalala kama maiti. Wiki ya sita ikaanza tena. Nilipandwa na hasira nikajua nimeuziwa feki. Fundi mwingine nilipomwita hakuanza na pampu kabisa, alifungua kiskurubu cha redieta akakinga maji kwenye kikombe cheupe cha chai, yakatoka meusi kama oili ya gari iliyopitiliza, afu akatoa sumaku mfukoni akaipitisha nje ya kikombe. Ule weusi ukahama. Ukaifuata sumaku, ukapanda ukutani mwa kikombe ukasimama kama manyoya. Mke wangu mpaka leo hakitaki kile kikombe.

Ule weusi ni kutu ya redieta, inaitwa magnetaiti, chuma laini kabisa kama unga. Sasa sikiliza, hapa ndo wengi hatuambiwi. Pampu za zamani rota yake, ile sehemu ya ndani inayozunguka, ilikuwa ya kawaida, lakini za sasa zote rota ni sumaku ya kudumu. Yani umechukua sumaku ukaiweka katikati ya maji yenye unga wa chuma. Itavuta. Kwa hiyo pampu mpya kwenye maji machafu inaweza kufa mapema kuliko ile mbovu uliyoitoa, na duka likiona uchafu ndani warranti hawataki kusikia. Mi walinirudishia hivo hivo, na sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo kabla ya orodha ya pampu kuna manunuzi mengine yanatangulia. Dawa ya kusafisha mfumo, unaimimina, unaacha hitingi izunguke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, unamwaga maji yote, unajaza masafi mpaka yatoke meupe. Afu dawa ya kuzuia kutu, Fernox F1 au Sentinel X100, zote nzuri, usipoteze usiku mzima kulinganisha, chupa moja kwa kawaida inatosha nyumba ya redieta nane mpaka kumi. Na chujio la sumaku, kama MagnaClean ya Adey au TF1 ya Fernox, linalofungwa kwenye bomba la maji yanayorudi kwenye boila. Mi chujio langu nililifungua baada ya miezi mitatu likatoka limevaa tope nene kama ugali wa mtama. Ukiniambia una hela ya kitu kimoja tu mwaka huu na pampu yako bado inasukuma japo inalalamika, nitakwambia nunua chujio na dawa, pampu ingoje.

Ukishafika kwenye kununua pampu, soma lebo ya ile ya zamani na uipige picha. Ukiona 15-60, hiyo 60 maana yake inaweza kusukuma maji mpaka mita 6, wanahesabu kwa desimita, na nyumba ya kawaida ya vyumba viwili vitatu haihitaji zaidi ya hapo. Wengine wanaandika 15/1-6, ni kitu kile kile, mita 1 mpaka 6. Afu pima kwa tepu kutoka uso mmoja wa nati mpaka mwingine, nyumba za Uingereza nyingi ni milimita 130 na nati za inchi moja na nusu. Ndugu zetu wa Ujerumani na kwingine Ulaya bara mtakuta nyingi ni 180, kwa hiyo msiagize kwa kufuata picha yangu mkaja kunilaumu. Ukikosea urefu hamna ujanja, inabidi kukata bomba.

Kitu kingine, usidanganywe na mtu anayekuuzia "mpya kabisa" ya aina ya zamani yenye spidi tatu inayokula umeme kama taa ya uwanjani. Tangu 2013 Ulaya iliweka kiwango cha umeme kwa hizi pampu na 2015 wakakikaza tena, kipimo chake cha ufanisi wa umeme (EEI) kisizidi 0.23, na Uingereza ilikuwa ndani wakati huo, kwa hiyo hizo za zamani zilitoka kwenye uzalishaji wa soko letu. Ukiiona kwenye boksi leo imekaa stoo miaka. Tofauti ya umeme siyo hadithi. Chukua ya zamani inakula wati 90, mpya inakula 30 kwa matumizi ya kawaida, ukiiwasha masaa 8 kwa siku kwa miezi sita unaokoa kama yuniti 86, na yuniti ikiwa peni 25 hiyo ni pauni ishirini na moja na ushee kwa mwaka. Haikutajirishi, lakini ndani ya miaka mitano sita pampu imejilipa.

Sasa orodha yangu, kwa mtu ambaye shida yake ni kelele kama mimi. Mtu ambaye shida yake ni kitu kingine angepanga tofauti.

Namba moja naweka Wilo Yonos PICO. Kampuni ni ya Dortmund, Ujerumani. Sababu ya kwanza ni kwamba ina programu ya kujitoa hewa yenyewe, unaichagua kwa kile kitufe cha kijani inafanya kazi dakika 10, na kama umeshawahi kufunga pampu mpya ukasikia inavyoguguma siku mbili za kwanza utaelewa kwa nini nimeipa nafasi. Sababu ya pili ina kioo kidogo kinachoonyesha inakula wati ngapi sasa hivi, kwa hiyo ukiikuta usiku inaonyesha namba isiyo ya kawaida unajua kuna jambo kabla hata kelele haijaanza. Ina alama ya redieta na alama ya sakafu ya joto, hata asiyesoma kiingereza ataiseti. Yangu ya pili ndo hii. Ubaya wake, plagi yake ya waya ni ya kwao peke yao, ukiipoteza wakati wa kufunga (nilikaribia, iliangukia nyuma ya tangi) utaisaka, na duka la karibu na kwangu huwa hawana, wanaagiza.

Namba mbili Grundfos UPS3, ile ya 15-50/65. Wadenmaki hawa, jina lao wengi tunalijua kutoka nyumbani kwenye pampu za visima na za sola. Kwa ubora sioni kama iko chini ya Wilo, nimeiweka ya pili kwa sababu ya hewa tu. Faida yake kubwa ni kwamba kila fundi anaijua hata akifumba macho, kila duka la vifaa vya bomba inayo, hata ikiharibika Jumamosi jioni baridi imepiga utapata nyingine. Bei nimezoea kuiona kwenye mia na kidogo, inapanda inashuka. Kwa anayemtegemea fundi afanye kila kitu, na fundi mwenyewe ni wa haraka haraka, chukua hii usimpe nafasi ya kujifunza kitu kipya kwenye nyumba yako.

Hizi mbili zote zina kile nilichosema juu kuhusu mluzi, uwezo wa kupunguza msukumo redieta zikijifunga. Nyumba ya redieta iseti kwenye msukumo unaofuata mahitaji, nyumba ya sakafu ya joto iseti kwenye msukumo usiobadilika. Watu wanafunga pampu nzuri afu wanaiacha kwenye spidi ya juu isiyobadilika, inapiga kelele kama ile waliyotupa, wanasema Wazungu wametudanganya.

Namba tatu ni Alpha2, za Grundfos hao hao. Hizi zinajirekebisha zenyewe, zinasoma nyumba inataka nini siku hadi siku, na zinaonyesha wati. Kimya sana, shemeji yangu kule Milton Keynes anayo na lazima uishike kwa mkono kujua kama inazunguka. Kwa nini ya tatu basi? Bei. Kwa nyumba ndogo ya redieta saba unalipia akili ambayo haina kazi ya kufanya. Nyumba kubwa ya ghorofa mbili juu, redieta kumi na tano, watu wanafungua na kufunga vyumba ovyo, hapo ipandishe iwe ya kwanza.

Namba nne, DAB Evosta 2, Waitaliano. DAB nayo siyo ngeni, ukienda Kariakoo kwenye maduka ya pampu za maji ya nyumbani utaikuta. Ni pampu ya heshima kwa bei ambayo mara nyingi iko chini ya hao wakubwa wawili, mwili mfupi unaingia sehemu zenye kubana. Nimeifunga moja kwa jirani Mkenya, mama wa Mombasa, kwa sababu kabati lake lilikuwa dogo kuliko langu, mpaka leo haijalia. Imekuwa ya nne kwa sababu moja tu, mafundi wa hapa wengi hawaizoei, kila anayekuja anataka kuitoa aweke anayoijua yeye.

Halafu kuna chaguo ambalo haliko kwenye mpangilio kwa sababu linafaa hali moja tu, kununua kichwa cha pampu peke yake. Ule mwili wa chuma uliobanwa kwenye mabomba unabaki, unafungua skurubu nne za ufunguo wa pembe sita, unachomoa kichwa chenye mota unaweka kipya. Kama zile nati kubwa zimeshika kutu miaka ishirini na kila ukizigusa unasikia bomba linataka kupasuka, hii ni rehema. Lakini lazima kichwa kiwe cha aina inayoingiana na mwili wako, pana na mpangilio wa skurubu, na gasketi yake iwe mpya. Usijaribu kwa kubahatisha.

Namba tano ni zile zisizo na jina, au zenye jina la duka lenyewe, unazikuta kwa bei karibu nusu. Siwezi kusema zote mbaya. Binamu alifunga moja akakaa nayo misimu mitatu. Lakini kwa kelele ndo sizipendekezi, kwa sababu nilizozisikia mimi zina ule mvumo mwembamba wa umeme, kama mbu, haupo mchana unakuja usiku wa manane nyumba ikitulia. Kama pampu yako iko gereji au jikoni mbali na vyumba, na hela hamna, chukua, weka na chujio, ishi.

Ya mwisho kabisa ni mtumba. Najua tunapenda mtumba, hata mimi koti ninalovaa zamu ya usiku ni la mtumba. Ila pampu iliyotolewa kwenye nyumba ya mtu ilitolewa kwa sababu, na huwezi kuijaribu bila maji, ukiizungusha kavu mezani unaua zile beringi ulizokuja kuzinunua. Muuzaji anakuonyesha video inazunguka kimya. Kavu. Hapo hapo ameshaiua mbele yako.

Kwenye kufunga, kama unajiamini na umeme na spana unaweza mwenyewe, kama hujiamini mlipe mtu. Zima umeme kwenye ile swichi ya ukutani yenye fyuzi, na uitoe fyuzi uiweke mfukoni, usitegemee kuzima taimu ya hitingi tu kwa sababu boila nyingi zinaendelea kuizungusha pampu dakika kadhaa baada ya kuzima. Pima na testa. Waya piga picha kabla hujaugusa. Fyuzi inayorudi iwe ya ampia 3, niliikuta ya 13 kwangu, sijui nani aliiweka. Valvu mbili za pembeni ya pampu zifunge, na usiziamini, za zamani hazifungi mpaka mwisho, weka ndoo na taulo ambalo hulipendi, na kama una tangi la darini funga boya lake kwa kamba juu ya kijiti ili lisiendelee kujaza wakati we unahangaika chini. Zile ringi za mpira za kuzuia maji (washa) tumia mpya zilizokuja na pampu, za zamani tupa hata zikionekana nzima. Mshale kwenye mwili wa pampu ufuate maji yanakoenda, ekseli ilale. Hiyo ya ekseli rudia kuiangalia kabla hujakaza, mi nilimsimamia fundi mpaka akacheka, akaniuliza kama nataka kuleta pima maji, nikamwambia ninayo, nikaileta.

Fungua valvu polepole, toa hewa, ndo uwashe umeme. Usiiwashe ikiwa tupu hata kwa sekunde kumi "kuona kama inafanya kazi". Kesho yake asubuhi, mabomba yakiwa yameshapata moto na kupoa mara moja, chukua tishu, izungushe kwenye kila nati. Yangu ya juu ilitoka na doa dogo, nikakaza robo mzunguko, kesho yake ikatoka kavu, nikafunga mlango wa kabati.